Kikopo cha Bibi Dobi

Mtaani pale, ukitaka shuka lako lirudi jeupe kama pamba, ulimpelekea Bibi Dobi. Sasa fikirini, mtu wa namna hiyo anapewa kikopo zahanati na kuambiwa, "Lete choo cha mjukuu, tutazame minyoo."

Mjukuu wake, Kifaranga, alikuwa na miaka mitano. Mafua yakitoka, kikohozi kinaingia. Kidonda cha goti kilitimiza mwezi hakijafunga. Chanjo alipata, uji alikunywa, na bado kila homa iliyopita njiani ilipiga hodi kwake.

"Minyoo? Nyumbani kwangu?" Bibi alinung'unika njia nzima. Majirani wangesema nini? Asubuhi akafanya ujanja: kikopo akakijaza choo chake mwenyewe. Kitatoka safi, alijua, nao watafute ugonjwa wa kweli.

Mpimaji aliinua jicho kwenye darubini. "Bibi, mtoto ana minyoo ya safura. Mayai tele."

"Haiwezekani!"

"Minyoo hiyo hunyonya damu. Tena mwili una askari wake, Bibi. Wakihangaika na mgeni wa tumboni kutwa kucha, mlangoni anabaki nani? Ndiyo maana haachi kuugua. Nimwandikie dawa?"

Bibi alimtazama Kifaranga, aliyelala mapajani akikoroma kwa mafua. Angenyamaza, aibu ingepita. Lakini je, kama mtoto ana tatizo jingine, na hakuna aliyelitafuta?

"Mwanangu," akasema chini chini, "choo hicho ni changu."

Mpimaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kicheko kilimshinda. "Basi mgonjwa nimempata! Bado mmoja."

Choo cha Kifaranga kilipoletwa, kikawa na mayai yaleyale.

"Ukifua, Bibi, unavaa nini miguuni?"

"Viatu vya nini? Miguu yangu inaoshwa na sabuni kutwa!"

"Na kamba za kuanikia ziko wapi?"

Bibi akatazama miguu yake. Zilikuwa nyuma ya choo, kwenye tope, na Kifaranga humfuata huko pekupeku, akimshikia vibanio. Kumbe minyoo ya tope hilo hupenya kwenye nyayo.

Wakameza dawa pamoja, kamba zikahamishwa. Kidonda cha goti kilifunga. Kikohozi kilirudi mara moja tu, kikakaa siku mbili, kikaaga.

Siku hizi Bibi akiinuka na beseni, sauti ndogo humkimbilia nyuma, ndara mbili kubwa kifuani: "Bibi, wee! Miguu!"

Naye husimama, akanyoosha mguu kama mtoto, akavishwa.