Rubani wa Ukoo

Mimi ni mshona viti hapa Same mjini, na naungama mbele yenu: wiki iliyopita nilijipa urubani.

Kuna mafundi wanaounda ndege ndogo za kufundishia marubani. Ya kwanza ina viti viwili. Sasa wameitengenezea mdogo wake mwenye viti vinne, na viti hivyo nimevishona mimi. Siku ya majaribio rubani wao, Kapteni Naomi, akataka mtu wa kukaa kando yake ili uzito ulingane. Nilidandia kabla sijaitwa!

Huko juu akaniambia, "Shika na wewe usukani wa upande wako, ujisikie." Akisema tunakata kushoto, nami nakata kushoto, na ndege inalala kushoto. Tukaizunguka milima ya kwetu Chome, jasho likinitoka kwa ustadi wangu.

Tulipotua nikamkuta mama na mjomba wakinisubiri na sufuria la makande.

"Nimeirusha mwenyewe," nikawaambia. "Kapteni alikuwa ananitazama tu."

Mjomba, ambaye ni mzee wa kanisa, akavua kofia na kutuongoza sote katika sala. Akamshukuru Mungu kwa kuupa ukoo wetu rubani, akawataja hadi mababu walioshuka milima ile kwa miguu. Niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hapo Kapteni Naomi akamgeukia fundi wake. "Kesho muuunganishe ule usukani aliokuwa ameshika huyu. Bado haujafungwa hata waya mmoja."

Mjomba akalifunika sufuria.