Kitufe cha Gari

Jumanne moja naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Mume wangu akisikia atanuna, lakini kweli haifichwi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasoma chuo kikuu hapa Sydney, tumepanga watano nyumba moja Kensington, choo kimoja, kila mtu na kiburi chake. Leo mnaniita bibi kwa hizi mvi mbili tatu, nami naitika, maana katika kazi yetu ya kutengeneza programu za mtandaoni mtu hazeeki kwa miaka, huzeeka kwa fremuweki, zile zana za kujengea programu, alizozika. Mimi nimezika nyingi. Ile niliyoitumia mwaka ule, ukiitaja leo mbele ya vijana watadhani ni dawa ya mba.

Basi tulia nikuhadithie, maana juzi umenionyesha programu yako mpya, ukasema imepimwa na mashine na kila kitu kimetoka rangi ya kijani, yaani hakuna kosa. Nikakuuliza ni nani ameshaitumia, ukacheka. Cheko lile nalijua, lilikuwa langu.

Kanisani kwetu Blacktown, magharibi mwa jiji, kulikuwa na wazee wengi wenye miadi ya hospitali, na vijana wenye magari waliojitolea kuwapeleka. Shida ilikuwa kupatana: simu zinapigwa, ujumbe unapotea, wazee wawili wanaahidiwa gari moja. Nikasema niachieni mimi. Nikajenga tovuti: mtu anaingia kwa simu yake, anaandika siku, saa na hospitali, anabonyeza kitufe, dereva anapata taarifa. Na nikaiandika yote kwa Kiswahili, ili wazee wasiwe wanamsubiri mjukuu atoke shule awatafsirie. Sasa mimi ni mtu wa Tanga. Kiswahili nimekinyonya kwa mama, na sikukosa kumwambia kila mtu hivyo. Chini ya ukurasa nikaweka vitufe viwili, kwa Kiswahili kilichonyooka: THIBITISHA na GHAIRI.

Kupima nilipima, usinidharau. Nilifuata ile orodha ya kanuni tuliyofundishwa darasani, moja baada ya nyingine, nikajipa alama mwenyewe, na nilijipa nyingi. Nikawaita wenzangu wa nyumbani, wote wanachuo, wakaijaribu huku wanakula wali wangu. Njeri peke yake, binti wa Nakuru, ndiye aliyeniambia kwamba neno "ghairi" hajalisikia tangu mtihani wa kidato cha nne. Nikamcheka, nikamwambia Wakenya wajifunze Kiswahili. Nikaiwasilisha chuoni kama mradi wa somo, na mhadhiri naye akanipa alama ya juu kabisa. Nani tena angeniambia kitu?

Katika wazee wale alikuwapo Papa Bahati, mkimbizi kutoka Uvira, Kongo, ambaye macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa amesubiri zaidi ya mwaka kupasuliwa jicho la kwanza, na hatimaye barua ya hospitali ikaja: Jumanne, saa mbili asubuhi. Ukikosa siku yako unarudi mkiani mwa foleni. Mkewe, Mama Bahati, akaingia kwenye tovuti yangu kuomba gari. Wiki ile, nilipokuwa napitia kumbukumbu za tovuti, nikaona jina lake mara tatu, na mara zote tatu imeandikwa: ameghairi. Unajua nilifanya nini? Ningeweza kuinua simu nikauliza, maana kuuliza si ujinga. Lakini mimi nilisimama mbele ya kamati ya kanisa nikasema, na maneno haya bado yananichoma, kwamba hawa wenzetu wa Kongo ni vigeugeu, leo wanataka gari kesho hawataki, watatuchoshea madereva.

Jumanne ikafika. Papa Bahati alivaa suti tangu alfajiri, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha ambalo hakuweza kuona kitu nje yake, akisikiliza magari. Yakapita yote. Saa nne mchungaji akanipigia simu kuniambia kwamba mzee amekosa upasuaji wake. Nikapanda treni mpaka Blacktown, na Mungu anisamehe, nilikwenda kuwafundisha namna ya kutumia tovuti.

Mama Bahati hakunigombeza. Alinikaribisha, akanimiminia chai, akaketi kando yangu na simu yake. Nikaanza somo langu: unaona, mama, hapa unatakiwa uandike hivi na hivi. Akaniwekea kiganja juu ya goti.

"Weye nyamaza kwanza," akasema. "Angalia mukono yangu."

Nikanyamaza. Akaandika siku, polepole, kwa kidole kimoja. Akaandika saa. Akaandika hospitali, bila kosa hata moja. Kisha kidole kikashuka mpaka kwenye vile vitufe vyangu viwili, kikasita, halafu kikaenda juu ya GHAIRI.

"Gari," akasema. "Nafinya gari. Nilifinya mara tatu, na gari haikuya. Ni juu ya nini, mwana wangu?"

Mwanangu, kwao Kongo ya mashariki hiyo "gh" haikai midomoni. Ghali ni gali, ghafla ni gafula. Mama wa watu kaingia tovuti ya kuomba gari, kaona neno linalofanana na gari, angebonyeza nini kingine? Kadiri alivyolitaka gari ndivyo alivyolikataa. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, na hicho kingine, mama, hicho cha THIBITISHA, ulidhani ni cha nini?

"Ile inaomba preuve," akasema. Preuve kwao ni ushahidi. "Preuve nilitoa miaka kumi na moja mu kambi. Nilichoka."

Nikalia pale pale, kikombe mkononi. Niliona haya hata kumtazama yule mzee kwenye kiti chake, bado kavaa suti. Nilikuwa nimewaita watu vigeugeu kwa kosa la mkono wangu mwenyewe. Nyani haoni kundule. Mama Bahati akasubiri nimalize kulia, kisha akasema tuandike upya, kwa sauti ile ile ambayo angesema tuchambue mchele. Tukaketi mpaka jioni. Maneno yote ni yake: NDIYO, NATAKA GARI. Na kingine: HAPANA, SITAKI TENA. Jumapili nikasimama kanisani mbele ya watu wote nikaomba radhi, na Mama Bahati akanipigia vigelegele, kanisa zima likaangua kicheko.

Na Mungu si Athumani. Wiki ya tatu hospitali ikapiga simu: mgonjwa mmoja ameghairi, na huyu kaghairi kweli, nafasi ipo keshokutwa. Mama Bahati akabonyeza kitufe chake, gari likaja kabla ya wakati. Baada ya upasuaji nikaenda kumjulia hali Papa Bahati. Siku zote zile alikuwa ananijua kwa sauti tu. Akanitazama kwa lile jicho moja lililofunguka, akanitazama tena, akaanza kucheka.

"Kumbe ni mutoto hivi," akamwambia mkewe. "Na mimi nilikasirikia mutu mukubwa."

Basi, mwanangu, fremuweki chagua yoyote uipendayo, itakufa tu kabla yako. Kanuni zifuate, mashine ipime, kijani kionekane. Sikukatazi, hata mimi bado nafanya hivyo. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujasema kazi imekwisha, panda treni, shuka Blacktown au endelea mpaka St Marys, umtafute yule ambaye kazi yako ikiharibika yeye ndiye atakayeumia. Kaa kando yake, mwachie simu, halafu funga mdomo. Hapo pa kufunga mdomo ndipo pagumu. Usimwelekeze, usimsaidie, hata kukohoa usikohoe. Tazama mkono wake. Mkono ukisita, aliyekosea ni wewe. Na ukiona kwenye kumbukumbu zako kwamba mtu amefanya jambo usilolielewa, usimpachike jina, mpigie simu.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie kazi itakayowafaa watu wasiolijua jina lako, akupe na mama mmoja wa kukunyamazisha mapema. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, yule uliyemuumiza akutazame, aone ulivyo mdogo, acheke. Amina.