Mwaka Mume Wangu Alipokula Mchana

Mume wangu alikuwa mkwezi wa minazi pale Munje, na nilipoolewa naye nilijisifu kimoyomoyo kwa kile kifua chake. Kisha, mwaka mmoja katikati ya miaka ya hamsini, kifua hicho hicho kikaanza kukohoa damu. Wako waliosema amerogwa, wako waliosema ni pepo, na kila mmoja alikuwa na mganga wake wa kututajia. Mimi nikampeleka hospitali Msambweni, na huko wakatuambia bila kuzunguka kwamba ni kifua kikuu.

Walimlaza mpaka damu ikakoma. Halafu wakamruhusu arudi nyumbani kwa sharti. Kila asubuhi aende akadungwe sindano, na kila siku ameze vidonge mara tatu, asubuhi, adhuhuri na jioni, juu ya chakula. Mdunga sindano, mtu wa makamo mwenye sauti kavu, alinigeukia mimi badala ya mgonjwa. "Mama, akikatiza dawa ugonjwa utarudi, na ukirudi dawa hii huenda isimfae tena. Umenisikia?" Nilimsikia. Tangu siku ile maneno yale nililala nayo na kuamka nayo.

Sindano alizivumilia kiume. Vidonge ndivyo vilivyomshinda, vikubwa, vichungu, vikimchafua tumbo hata harufu ya samaki wa kukaanga ikawa adui yake. Nilijaribu hiki na kile mpaka nikagundua kwamba uji mwepesi wa mchele, wenye tui na tangawizi kidogo, ndio unaokubali kukaa tumboni. Basi nikawa nakuna nazi kila siku ya Mungu. Bakuli lake na kikombe chake nilivichemsha mwenyewe, sikumwachia mtu.

"Unanilea kama mzazi wa juzi," alilalamika.

"Mzazi hupikiwa uji wa pilipili manga," nikamjibu. "Wewe hujafika cheo hicho."

Mashavu yakaanza kurudi. Watu walipomsifu kwamba amenawiri, mimi ndiye niliyeitikia. Nilijivuna, na kwa nini nisijivune? Uji ule ulikuwa wangu.

Ndipo Ramadhani ikaingia, katikati ya masika. Mume wangu hakuwa amewahi kula mchana wa Ramadhani hata siku moja tangu alipoanza kufunga utotoni. Na kwetu mtu mzima anayekula mchana huitwa kobe, watoto humwimba njiani. Asubuhi ya mwezi mosi nilimpelekea uji na vidonge vyake. "Weka hapo, nitakunywa," akasema. Niliporudi bakuli lilikuwa tupu, nami nikaridhika. Ikawa hivyo siku baada ya siku, lakini mashavu yakaanza kuondoka tena.

Jioni moja, baada ya kufuturu, nilimsikia akitapika nyuma ya nyumba. Nilikwenda na jivu nikafukie, nikaviona vidonge vizima vizima, vingi kuliko vya mlo mmoja. Kumbe uji wangu wa tui ulikuwa ukinenepesha kuku. Naye alikuwa akiweka vidonge vya kutwa nzima na kuvimeza kwa mpigo mmoja adhana ya magharibi ikilia.

Nilipandwa na hasira. Nikamwuliza anafanya nini.

"Hesabu ni ile ile," akasema. "Mungu hapunjiki, na daktari hapunjiki."

"Na mimi je? Mimi nipunjike mume?"

Akasema polepole, "Najua mgonjwa ana ruhusa. Aya naijua. Lakini nikale wapi, mke wangu? Watu wanione?"

Mavyaa, mama yake mzazi, alikuwa ameketi uani akitusikiliza. Akaita, "Mlete jikoni."

Hapa lazima niseme jambo ambalo wanawake wa kwetu hawalisemi mbele ya wanaume. Mwanamke huwa na siku zake ambazo hafungi, na siku hizo hula jikoni, kimya kimya, mlango wa makuti umeegeshwa. Mwanamume haingii wala haulizi. Mume wangu alikuwa ameishi na jambo hilo tangu kuzaliwa bila kuliona.

"Mwanangu," mavyaa akamwambia, "unadhani ni nani aliyekuwa akila humu mchana miaka yote hii? Paka?"

Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Basi ikawa kila adhuhuri anaketi kwenye kigoda kando ya mafiga, magoti yamemfika kidevuni, anakunywa uji. Siku nyingine wifi yangu alikuwa pembeni na kipande chake cha muhogo, amempa kaka yake mgongo kwa haya. Vidonge vikakaa tumboni, naye akaacha kukonda.

Siku moja mkwezi mwenzake alituletea madafu ya futari. Akazunguka nyuma, akapiga hodi na kusukuma mlango kwa pamoja. Bakuli lilikuwa mapajani mwa mume wangu, linafuka moshi. Sikufikiri. Nililinyakua nikaliweka mapajani mwangu.

"Ni langu," nikasema.

Mwanamke kumtamkia mwanamume wa nje kwamba anakula mchana ni kujivua nguo. Yule rafiki aliinamisha macho chini akaanza kurudi kinyumenyume. Uso wangu ulikuwa wa moto, lakini nilijiambia, afadhali aibu kuliko eda.

Mume wangu akanyoosha mkono akalichukua bakuli.

"Hili ni langu," akasema. "Mke wangu amefunga."

Akatia vidonge kinywani kimoja kimoja, akashushia kwa uji, macho yake yakiwa kwa rafiki yake muda wote. Mtu yule aliyeogopa kuimbwa na watoto! Nilimpenda wakati ule kuliko siku ya harusi.

Rafiki akatua madafu yake. "Vichungu?" akauliza.

"Mno."

"Basi shushia na dafu." Akaketi kizingitini akamfulia moja.

Kuanzia kesho yake mume wangu alikula barazani. Watoto walipomwimba kobe, aliwajibu kwamba kobe huishi miaka mingi, akaendelea na uji wake. Mwaka uliofuata hospitali wakasema kifua kimepona, na walipomruhusu kufunga alizilipa siku zake zote, nami nikimpikia futari kwa furaha ambayo sikuwa nayo hata siku ya Idi.

Watoto wetu wawili wa mwisho walizaliwa baada ya Ramadhani ile. Wote nimewaambia: baba yenu alikula mchana, ndiyo maana mpo.