Mvumo Chini ya Kitambaa cha Mama

Utotoni niliamshwa na harufu ya lehemu inayoyeyuka, kabla hata ya harufu ya chai. Baba alikuwa fundi wa redio na santuri, na karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba yetu, mtaa wa Chemchem, mjini Tabora. Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao watu wa pembezoni walikuwa wakihamia vijiji vya ujamaa na vipuri vimekuwa adimu kama mvua ya Agosti. Kapasita moja, kipuri kidogo cha kutuliza umeme, ilisubiriwa kwa treni kutoka Dar es Salaam mpaka mtu akasahau alichoagiza. Kwa hiyo kila chombo kilichopona kilikuwa furaha ya nyumba nzima, na mama alitia mkono wake: alifuma kitambaa kizito kwa kroshia, akakitia bitana, tukampa mteja afunikie chombo chake. Kwetu, redio iliyoachwa wazi ilimtia aibu mwenye nyumba. Mama alijivunia vitambaa vile kuliko kanga zake zote.

Balaa lilianzia kwa Mzee Nassoro, mfanyabiashara wa asali ya Ipole. Alikuwa na kisanduku cha zamani cha kukuza sauti ya santuri kabla haijafika kwenye amplifaya, chenye vali za kioo zilizowaka rangi ya chungwa. Kikaanza kuvuma. Baba akaona umeme hauchujwi vizuri, akabadilisha kapasita ya chujio, kikatulia. Wiki tatu baadaye kikarudi kinavuma vilevile. Akabadilisha tena, akakaza waya wa ardhi, akaisogeza transfoma mbali na vali. Barazani kwetu kikawa kimya kabisa. Kilipokaa kwa mwenyewe, kikavuma.

“Shikamoo, babu,” nilimwamkia Mzee Nassoro alipokileta mara ya tatu.

“Marahaba, mjukuu wangu. Hebu muulize baba yako: mimi nauza asali, nyuki ananiletea wa nini?”

Baba alicheka, lakini niliona alivyoumia. Tayari majirani wawili walikuwa wamepeleka redio zao kwa fundi wa sokoni, na jina la fundi likishachafuka halisafishwi kwa sabuni. Mimi sikuelewa kitu. Chombo ni kilekile, umeme wa mji ni uleule, iweje kiumwe nyumba moja na kupona nyingine? Majirani waliposema nyumba ya mzee ina jini, niliamini, kisha nikaona haya kuamini, kisha nikaamini tena. Baba alikula akichora nyaya kwa kidole juu ya mkeka.

Mapatano yakawa safari hii baba aende akakione kikiwa kazini. Alasiri moja tulifuatana. Santuri ilikuwa ikiimba, na kisanduku kiko juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha mama, tena kimekunjwa mara mbili kwa heshima. Baba alikifunua, akagusa bati, akauondoa mkono upesi. Hewa haikuwa ikipita, na joto lilikuwa likizikausha kapasita moja baada ya nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako.

“Kosa ni langu, mzee,” alisema. “Sikukwambia kwamba hiki hakifunikwi kikiwaka.”

Njiani aliniambia, “Mama yako asijue. Ataumia.” Tangu hapo mama aliendelea kutoa vitambaa, na baba akawa akiwanong'oneza wateja mlangoni wasivitumie. Wateja walirudi, jina lake likasimama. Nami nikabaki na siri nisiyojua kama ni wema au ni uongo.

Siku hizi wajukuu wangu wanasikiliza muziki kwenye simu. Ikiharibika, inatupwa, na hakuna anayehangaika kutafuta kelele imetoka wapi. Baba ametangulia mbele ya haki. Juzi mama, ambaye macho yake hayaoni tena tundu la sindano, aliniuliza kama najua kwa nini aliacha kufuma zamani, macho yakiwa bado mazima. Sikujua.

“Nilikuwa nikienda kwenye misiba na harusi, natazama redio za watu. Zote wazi. Nikajua mkono wangu haupendwi. Nikaona haya hata kumwambia baba yako.”

Aliyenifunga mdomo hayupo wa kunifungua. Mwishowe nikamweleza yote, joto, kapasita, na ile minong'ono ya mlangoni. Vidole vyake vikatembea juu ya kanga.

“Angeniambia tu,” alisema. “Ningevifuma vyenye matundu.”