Dereva Aliyefungua Chujio Kila Safari

Habari ya kifo chake ilinifikia karakanani kwangu hapa Biharamulo, Jumanne asubuhi, nikiwa nimelala chini ya lori la pamba. Aliyeileta ni mpanda baiskeli kutoka Nyakahura, miguu myekundu kwa vumbi hadi magotini. Hakushuka. Aliegemea ukuta wangu kwa mkono mmoja akasema, "Fundi, lile lori la Ngara limerudi nyuma mlimani. Dereva amekwisha." Nikamwuliza juu ya abiria. "Abiria wazima. Mmoja kavunjika mkono. Jamaa aliligeuzia kwenye ukuta wa mlima lisiende korongoni, likalalia upande wake yeye." Akakanyaga baiskeli akaenda zake, maana alikuwa na barua za watu. Nilibaki na spana mkononi, na kitu cha kwanza kilichonijia, naona haya kukisema, hakikuwa huzuni. Kilikuwa swali la kifundi: lilirudi nyuma kwa nini? Lori likizimika mlimani likiwa ndani ya gia, injini yenyewe hulishika, hata kama breki ni dhaifu. Injini ikishindwa kulishika, basi imeliwa ndani. Na nilijua imeliwa na nini, na nani aliyeiacha iliwe.

Wasomaji wa safu hii wananifahamu, na sitajifanya mnyenyekevu leo kwa sababu ya msiba. Nilitoka nyumbani kwa miguu nikiwa na blanketi moja. Nimebeba mizigo Bukoba, nimefagia gereji Kampala, nimesoma kwa taa ya kuazima Nairobi, na nimerudi na diploma ya ufundi wa injini ambayo nimeitia kioo na kuitundika mahali ambapo kila aingiaye ataiona. Hakunisomesha baba wala mjomba. Katika wilaya hizi mbili, Biharamulo na Ngara, sijakutana bado na mtu mweusi mwingine mwenye karatasi kama ile. Nayasema haya ili mpime uzito wa neno langu mahali kama hapa. Nikisema gari ni zima, mwenye gari hunywa kahawa kwa raha. Nikisema limekufa, huanza kutafuta mnunuzi wa mabati. Neno la namna hiyo linatakiwa kutoka kinywani kwa adabu, na mimi sikuliona hivyo.

Marehemu alikuwa Mhangaza wa makamo, mwembamba, mtu wa maneno machache, amejifunza udereva kwa kukaa kando ya madereva wengine. Kitabu hakuwahi kukishika. Alisema "balabala" na "gali", na makarani wa boma walikuwa wakimwigiza akiwa bado dirishani. Alinizidi umri kwa miaka mingi, lakini siku ya kwanza tulipokutana ni yeye aliyenipa shikamoo, kwa ajili ya tai yangu, na mimi nikaitikia marahaba kama mtu aliyestahili.

Mwanzoni mwa kiangazi hiki nilipanda naye kwenda Ngara kutengeneza mashine ya kusaga. Kabla ya Nyakahura pana kizuizi cha mbung'o. Kila gari husimama, na watu wenye nyavu hulizunguka wakitafuta wale nzi chini ya madigadi, nyuma ya viti, hata migongoni mwa abiria, wasije wakasafirishwa hadi kwenye ng'ombe wa watu. Madereva wengine hutumia nafasi ile kuvuta sigara. Yeye alifungua boneti, akafuta vumbi kwa tambara, akalegeza mkanda wa chujio la hewa, lile ambalo madereva wetu huliita eaklina, akatoa bakuli lake la chini ambamo hukaa oili. Akachovya kidole hadi sakafuni mwa bakuli, akakitoa, akakitazama juani. Mtu wa mbung'o aliyekuwa na wavu karibu yake akacheka. "Mganga anapiga ramli tena."

"Wewe tafuta nzi wako," marehemu akamjibu, "na mimi natafuta wangu."

Nilishuka nikamwuliza anafanya nini. Akanionyesha kidole: tope zito, jekundu, limepita ukucha. "Tope likifika hapa, namwaga," akasema. "Likipita hapa, gari linavuta vumbi kama mtu anavyovuta ugoro."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hii balabala."

"Barabara," nikamsahihisha. "Na kitabu kinasema oili ya chujio hubadilishwa gari likitimiza maili elfu mbili. Wewe unaimwaga kila safari?"

Hakukasirika. Aliosha bakuli kwa mafuta ya taa kidogo aliyokuwa nayo chupani, akalikausha, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Fundi, hicho kitabu kimewahi kupita hapa?"

Abiria walicheka hadi mtu wa mbung'o akaweka wavu chini. Mama mmoja wa Nyarubungo, amekalia gunia lake la karanga, akanipigia kelele kutoka juu, "Jibu basi, bwana mwenye tai!" Nilirudi kukaa, na kutoka pale hadi Ngara nilitazama nje tu.

Kicheko kile nilirudi nacho Biharamulo. Mwenye lori ni mfanyabiashara wa hapa mjini, wa ukoo uliotoka pwani tangu enzi ya Mjerumani, mtu wa haki ambaye sijapata kumsikia akimpunja mtu. Nilimkuta barazani kwake, pamoja na watu wake wa kahawa. Sikusema uongo hata mmoja. Nilisema tu kwamba katika miaka hii ya vita, oili inapotoka kwa kibali, dereva wake anaimwaga porini kila safari, kinyume cha kitabu.

"Kila safari?"

"Kila safari, mzee. Nimeona kwa macho yangu."

Akamwita dereva mbele yangu. "Kuanzia leo," akamwambia, "eaklina isifunguliwe mpaka fundi aseme. Fundi ana karatasi." Marehemu alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, mzee." Akaondoka kwenda kupakia.

Kilichofuata nilikisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Karakana yangu iko karibu na barabara, na lori lile nilikuwa nalitambua kwa mlio kabla sijaliona, kama mtu anavyotambua kikohozi cha jirani. Mwezi wa kwanza lilipanda kilima cha mjini kwa gia ya pili, kama kawaida. Baadaye likaanza kuingia gia ya kwanza mapema, kisha mapema zaidi. Likawa linaacha moshi mweusi ambao ulikaa juu ya barabara bila kuondoka, hata penye upepo. Wateja wangu walikuwa wakiniuliza, "Fundi, lile lina nini?" nami nikawajibu kwamba petroli ya siku hizi ni chafu. Nilijua kwamba hata petroli safi hutoa moshi ule injini inapokosa pumzi. Nilijua, na diploma iko ukutani nyuma yangu.

Wiki tatu kabla ya kifo alikuja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kiwanja. "Fundi, gari halipandi. Linakunywa petroli mpaka tajiri ananiona mwizi. Nikilizima penye mteremko, haling'ang'anii tena. Naomba nifungue lile bakuli."

Nikamwuliza amekwenda maili ngapi. Akanitajia, ilikuwa kama nusu ya ile hesabu ya kitabuni. "Bado," nikasema.

"Basi mwandikie tajiri mstari mmoja tu. Useme wewe, nifungue mara moja. Nina abiria, Fundi. Ule mlima wa Ngara siku hizi naupanda nikiwa nimeshika mlango, tayari kuruka."

Mstari mmoja. Penseli ilikuwa sikioni mwangu. Lakini kuandika mstari ule kulikuwa ni kukiri mbele ya baraza kwamba mtu wa "balabala" alikuwa sahihi na mtu wa Nairobi alikosea. Nilimwambia arudi gari likikaribia maili elfu mbili. Akasema, "Sawa, Fundi," akavaa kofia yake. Hakubishana. Laiti angebishana, pengine ningepata pa kukasirikia, na baada ya hasira ningeandika.

Mwenye lori alinituma nikalitazame lilipolala. Niliteremka kwenye gari la posta siku mbili baada ya maziko. Pale barabara inaning'inia juu ya korongo, na alama za magurudumu zilikuwa bado zinaonekana: hapa lilizimika, hapa lilianza kurudi, hapa mtu alikata usukani kwa nguvu zake zote kuelekea ukuta wa mlima, upande aliokaa mwenyewe. Nililegeza mkanda wa chujio. Bakuli halikuwa na oili tena. Lilikuwa na tope lililoshikana hata lori lilipolala ubavu halikumwagika. Nilichomeka kidole katikati, nikakitoa, na tundu likabaki wazi likinitazama. Nilipofungua injini nilikuta ringi zimelika zikawa nyembamba kama ukucha wa mtoto. Injini ya namna ile haishiki hata mkokoteni.

Nyumbani kwake nilimwamkia mjane. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule fundi wa kitabu?" Nikasema ndimi. "Alikuwa akikutaja. Alisema wewe unajua, ila bado hujaizoea njia hii." Akaniletea kigoda. Nilikikalia, na habari ya ule mstari mmoja sikumwambia.

Wakati wa kurudi, pale kizuizini, yule mtu wa mbung'o hakutania. Aliniambia kwamba miezi ile yote marehemu aliendelea kushuka kila aliposimamishwa. Alikuwa akiweka kiganja juu ya boneti, kama mchungaji anavyoweka mkono juu ya ng'ombe mgonjwa, akasubiri nyavu zimalize, kisha akapanda. Hakufungua. Alikuwa ameamriwa asifungue.

Nilipofika nyumbani nilikitoa kitabu changu. Lile jedwali ninalijua kwa moyo. Nililiandika kwenye mtihani bila kukosa tarakimu: chujio la hewa, maili elfu mbili. Safari hii nikasoma na chini ya jedwali, kwa herufi ndogo ambazo mtihani haukuziuliza. Pameandikwa kwamba hesabu hizo ni za barabara zilizo safi, na kwamba katika nchi ya vumbi chujio likaguliwe kila siku. Kitabu kilikuwa kimepita hapa. Mimi ndiye ambaye sikukifuata hadi chini ya ukurasa, na mtu asiyejua kusoma alikuwa akiutekeleza mstari ule kwa kidole chake, kila safari, mpaka nilipomkataza.

Siku hizi mashine zinaingia kwetu kwa kasi. Leo ni malori na vinu vya kusaga, kesho hatujui. Kila moja inakuja na kitabu, na kila kitabu kinahitaji mtu kama mimi wa kukisoma. Sijutii kusoma, na vijana wasije wakasema safu hii imewaambia waache shule. Ninachoogopa ni sisi tuliorudi. Tumepewa viti vya mbele haraka sana, na tunapokosea hakuna wa kutukosoa, kwa kuwa anayejua kosa letu hana karatasi. Kosa linakaa kimya ndani ya mashine, likila kidogo kidogo, na siku ya mlima halituangukii sisi. Linamwangukia aliyeshika usukani.

Basi wenye magari na madereva wa njia hizi, sikilizeni namna ya kufanya, nami sasa naifuata kama yeye alivyoifanya. Simamisha gari, zima injini, acha oili itulie. Futa vumbi la nje kwanza, lisidondokee kwenye koo la kabureta. Toa bakuli likiwa wima, chovya kidole hadi chini. Tope likifikia ukucha, mwaga yote. Usiongeze oili mpya juu ya uchafu wa zamani. Osha bakuli, pamoja na ile sufi ya waya iliyo juu yake inayochuja hewa, kwa mafuta ya taa, kamwe si petroli, na uache vikauke kabisa, maana kabureta ikitema moto, chujio lililolowa huwaka. Jaza oili hadi alama, usipitishe, kwa sababu oili inayozidi hunyonywa na injini. Sufi ikichanika au kuoza, badilisha chujio lote. Na ukiona moshi mweusi na kukosa nguvu, usiulize maili.

Tajiri nimemwendea na kitabu mkononi, nikamsomea mbele ya watu wale wale wa barazani, kisha nikamwambia nilichoombwa na nilichokataa. Akaniuliza kwa nini nimekuja sasa. Lori lake la pili, ambalo nalo lilikuwa chini ya amri ile ile, limeondoka leo asubuhi kwenda Ngara. Lilipanda kilima cha mjini kwa gia ya kwanza, na nyuma yake vumbi lilisimama hadi juu ya paa za nyumba. Mvua bado ziko mbali. Nimempa dereva wake karatasi ya kuonyesha popote atakapoulizwa, ina sahihi yangu, na ule mstari ulioombwa na mwenzake mlangoni kwangu ndio huu: Fungua bakuli kila unaposimamishwa, usingoje ruhusa ya mtu, hata yangu.