Msamaha Uliobaki Chumbani kwa Papa

Papa, baba yetu, alifundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Goma, na katika wafalme wote na vita vyote vya daftari lake alipenda mtu mmoja tu: bwana mmoja wa Ufaransa ya zamani, mwenye ngome na mashamba, aliyevuka bahari kwenda kupigana vita vya msalaba. Nyumbani kwetu, mtaa wa Katoyi, tulimjua kama baba mdogo anayeishi mbali. Upanga wake papa hakuujali. Alichopenda ni kwamba kabla ya kuondoka, yule bwana aliwaita watu wake, akawalisha, kisha akawaambia kwamba anaenda na hajui kama atarudi, basi yeyote ambaye yeye amemkosea aseme, alipwe. Hakuondoka mpaka kila mmoja ameridhika. Huyo ndiye mwanaume, papa alituambia, na sisi tunatafuna ugali wetu.

Sasa kaka yangu, kifungua mimba, alisikia hadithi hiyo tangu hajaota meno. Alipoacha chuo kikuu bila kumwambia mtu, akajiandikisha na vijana waliokuwa wanakwenda kushika bunduki, alifanya vilevile. Jumapili moja baada ya misa aliwaita majirani, akawapa soda, akauliza ni nani ambaye yeye amemkosea. Watu walicheka kwanza. Kisha jirani mmoja akasema kwamba miaka ile kaka alibomoa ukuta wake wa mawe ya volkano, akayatumia kujengea nyumba ya sungura. Kaka akavua shati, akayabeba yale mawe kutoka uani kwetu, akayarudisha moja moja. Mama alilia, na mimi pia.

Papa peke yake hakutoka chumbani.

Kaka aliketi saloni, pale tunapopokea wageni, mfuko magotini. Gari lao lilikuwa linaondoka Munigi saa tisa siku hiyohiyo. Akanituma nimwambie papa kwamba yeye ndiye wa mwisho, anangojea neno lake tu. Kwetu mtoto haendi safari, hata ya kwenda kununua maharage Rutshuru, kabla mzazi hajamwekea mkono kichwani. Nikagonga. Papa alifungua kidogo, macho mekundu.

"Nilishamusamehe zamani," alininong'oneza. "Lakini usimwambie. Akijua, ataenda. Kama hajue, atabakia anangoja."

Hapo mwalimu wa historia alijidanganya, na mimi binti yake nikamwamini. Tulidhani mtu wa daftarini na mtu wa saloni ni mmoja. Nikarudi, nikamwambia kaka bado. Akanituma tena, nikarudi na bado yangu. Nilikuwa mtoto mtiifu mno, ole wangu. Saa nane na nusu alisimama, akapiga magoti mbele ya mlango wa papa, akainamisha kichwa kama anayengoja mkono. Mlango haukufunguliwa. Kisha akatoka, akapanda pikipiki. Papa aliposikia mlio wake alitoka mbio, ndara mguu mmoja, akafika barabarani pikipiki imeshakata kona.

Simu ya kaka haikupatikana tena. Baada ya miezi minne alikuja kijana aliyekuwa naye huko milimani. Alituambia kwamba kaka ameuawa na kwamba wamemzika hukohuko. Akasema pia kwamba jioni nyingi kaka alikuwa anawaambia ameacha nyumbani mtu mmoja ambaye yeye alimkosea, na ambaye hajaridhika, na siku akirudi ataanzia kwake. Mama akauliza ni mtu gani huyo. Kijana akasema hakumtaja. Papa alikuwa ameketi palepale, na sote tuliogopa kumtazama.

Juzi nilikuwa nachambua maharage, papa akaja akaketi karibu yangu. Akaniuliza, sijui mara ya ngapi sasa:

"Kweli haukumwambia? Hata kidogo? Hata na macho?"

Mzee huyu alinichapa utoto wangu wote ili nijifunze kutii. Sasa ananiomba niwe nimemwasi siku moja tu, na siwezi kumpa hata hilo.

"Nilikutii, papa."

"Ndiyo," alisema. "Ulikuwa mutoto muzuri." Akavuta ungo, tukaendelea kuchambua.