Jiwe Lililoonekana Nyuma ya Mama

Katika mji wetu wa machimbo wa Kolwezi, ukimwonyesha mtu picha yako usitegemee atautazama uso wako. Ataweka vidole viwili juu ya kioo cha simu, atavitanua, uso wako utasukumwa pembeni, na kitakachobaki ni ardhi uliyoikanyaga. Nimepiga picha miaka mingi, si kwa kazi bali kwa ugonjwa tu, na huzituma kwenye kikundi cha familia: harusi ya jirani, msururu wa malori ya madini uliotufungia barabara tangu asubuhi, mama anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni na nzi wake, siku tuliyokwenda ziwa Nzilo na mkate na sadini. Ile ya Nzilo nilijisifu nayo. Mke wangu alikuwa amevaa kitenge kipya, anacheka, maji yanang'aa nyuma yake. Jibu la kwanza lilitoka kwa kaka yangu mkubwa:

"Iyo bulongo nyuma ya bibi yako ni nyekundu tu, ao kuko na kijani-kijani?"

Kwetu udongo wenye kijani ni dalili ya madini. Mke wangu hakuzungumza na kaka yangu mpaka Pasaka.

Siwalaumu sana. Huku kila mtu anamjua mtu aliyekuwa akichimba shimo la choo akakutana na kobalti, yale madini ya betri, na leo ana nyumba ya ghorofa. Kila mtu anamjua, ingawa sijakutana na aliyewahi kumwona. Basi tunachimba visima kwa matumaini, tunachimba misingi kwa matumaini, na nimeshuhudia mazishini watu wakiutupia jicho udongo unaotoka shimoni kabla ya kuanza kulia.

Sasa mama yetu. Anaishi Tenke, karibu na reli, peke yake tangu baba alipofariki. Mwaka jana aliugua homa wiki tatu. Katika watoto wanne ni mimi peke yangu niliyekwenda, na ninalisema hilo wazi ili lijulikane. Homa ilimwachia, lakini mguu wa kushoto haukurudi kama zamani. Alikuwa anauburuta, na kuchota maji hakuweza tena. Ilibidi mmoja wetu amchukue. Kaka mkubwa ana malori mawili na nyumba ya vyumba saba Kolwezi. Dada anauza vitenge mtaa wa Musonoi na ana nyumba yake. Mdogo wetu anafanya kazi katika depo wanakonunua madini kwa wachimbaji wadogo, na bado hajaoa. Mimi ni mwalimu. Kila nilipouliza kikundini nani atamchukua mama, simu za wote zilikuwa zimezimika kwa kukosa umeme. Umeme wetu ni kisingizio kizuri ajabu, maana unakatika kweli, kwa hiyo hakuna wa kukubishia. Mimi sababu yangu ilikuwa vyumba viwili vya kupanga na watoto wanne, na niliiandika mapema, kabla mtu hajaniuliza.

Nikafikiri, maneno yameshindwa, labda picha itaweza. Nilirudi Tenke, nikampiga picha mama akiwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, ungo wa karanga mapajani, amekonda, mifupa ya shingo inaonekana, lakini anacheka. Nikaituma na maneno haya: mama amepona, ila hawezi tena kukaa peke yake, nani atamchukua?

Siku hiyo umeme ulikuwapo mji mzima.

"Iyo jiwe nyeusi juu ya ndoo ni nini?" aliuliza kaka.

Dada akairudisha picha akiwa ameikata. Jiwe lilikuwa katikati, na mama alibaki goti moja tu. Mdogo wetu akaandika: "Cobalt." Halafu akaongeza: "Bantu bengine basione iyi foto. Kabisa!"

Kobalti ya kwetu inapotoka ardhini huwa jiwe jeusi, zito. Na mama, kwa miaka yote ninayoikumbuka, alikuwa na jiwe jeusi, zito, analoliweka juu ya kifuniko cha ndoo ya maji ili mbuzi wa jirani wasifunue. Hakuna aliyeuliza kuhusu mguu.

Kesho yake, mimi nikiwa bado kwa mama, walikuwa Tenke wote. Wakati wa homa walisema barabara ni mbovu. Nadhani ilijitengeneza yenyewe. Kaka alikuja na lori, sururu mbili, makoleo, na mifuko mitupu ya kutosha kubeba nusu ya mtaa. Mdogo alikuja na kimashine cha kupimia mawe, chenye umbo la bastola, alichokiazima kwenye depo bila depo kujua.

Mama alisimama akiushika mlango.

"Batoto yangu! Bote?"

Alilia. Akamgusa kila mmoja begani, kisha akaagiza kuku wawili wachinjwe. Kaka akavua kofia, akasema kwa sauti ya mtu wa kanisani:

"Mama, tulikuya kukubeba. Utaikala kwangu Kolwezi. Leo leo."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Mama aliingia ndani. Dada ndiye aliyenieleza siri ya ahadi hiyo nyuma ya jikoni: wakiwa ndani ya lori walikuwa wamefanya kikao, na kikao kiliamua kwamba jiwe limetoka uwanjani, kwamba mawe mengine yamelala chini ya jikoni na huenda chini ya nyumba nzima, na kwamba nyumba haiwezi kubomolewa mama akiwa ndani. Nilimwambia ni aibu. Lakini nilimwambia kwa sauti ndogo, maana niliona kwamba kwa njia hiyo mama angepata pa kukaa, na mahali penyewe si kwangu.

Wakaanza. Kaka alivua viatu vyake vya kung'aa, akakunja suruali. Dada alizunguka uwanja akipiga ardhi kwa visigino na kusikiliza, kama fundi anayepima ngoma. Mdogo akaelekeza kimashine kwenye jiwe, akasubiri, akasoma.

"Manganèse," alisema, yaani manganizi, jeusi kama kobalti lakini bei yake si kitu. "Cobalt, zéro."

"Pima tena."

Alipima tena. Zéro.

"Iyo machine ni ya bwizi!" kaka alifoka. "Weye mwenyewe njo unaiongopeshaka!"

Na ilikuwa kweli. Kila siku pale depo wachimbaji wanafika na mifuko mgongoni, na mashine ya namna hiyo inawaambia mzigo wao ni hafifu, na kidole kinachoifundisha kusema hivyo ni chake. Leo ilikuwa imesema kweli, na ndugu zake wa tumbo moja ndio waliokuwa wa kwanza kuikataa. Kaka akashika sururu.

Walichimba hadi magotini, kisha hadi kiunoni. Udongo ulitoka mwekundu, na ulipoisha ule mwekundu ukatoka mwekundu mwingine. Matuta ya matembele ya mama yalifukiwa. Jirani alichungulia juu ya ua na simu yake mkononi, akatupiga picha, na nilijua kwamba kabla ya jua kuchwa watu wa Tenke watakuwa wanatanua vidole juu ya shimo letu. Mimi sikuchimba. Nilikuwa nimekaa kivulini nikipiga picha za wanaochimba, na nilijiona mwenye haki kuliko wote.

Harufu ya kuku ilikuwa imeanza kutoka jikoni mama alipokuja mlangoni kutazama. Tulikuwa tumeuliza mashine, tumeuliza ardhi, tumeuliza visigino vya dada. Mama hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hatimaye kaka, jasho likimtiririka, akanyoosha kidole.

"Mama, iyi jiwe ulitoshaka wapi?"

"Iyo? Njo ya Kisenge," alisema mama. "Nilikuyaka nayo mu train, siku baba yenu alinioa. Mama yangu njo alinipatiaka. Alisema, kule unaenda, haujue kama kuko majiwe."

Kisenge ni mji wa manganizi. Mtoto wa shule ya msingi anajua. Mimi mwenyewe nimewafundisha. Bibi yetu, Mungu amlaze pema, alikuwa amemfungashia binti yake jiwe akidhani huku kwetu hakuna.

Mama alirudi ndani. Kaka alikaa kwenye ukingo wa shimo, akavaa kiatu kimoja, akapumzika, akavaa cha pili. Dada alikumbuka kwamba kibanda chake kimebaki bila mtu. Mdogo alifuta vumbi kwenye kimashine kwa mkono wa shati. Walipakia sururu na mifuko ileile mitupu, na hakuna aliyegusa lile rundo la udongo kulirudisha shimoni. Kaka alikuwa ameshika mlango wa lori mama alipotoka.

Alikuwa ameoga. Alivaa kitenge chake cha kanisani, kilemba kipya kichwani, na mkononi alishika kifurushi kilichofungwa vizuri.

"Mi niko tayari," alisema. "Tunatoka saa ngapi?"

Nilipata uchungu ambao sijui kuueleza. Sote tulikuwa tumejiaminisha kwamba mama hataki kuiacha nyumba yake, kwamba wazee ni wagumu, kwamba tutahitaji kumbembeleza. Kumbe tangu asubuhi, wao wakichimba na kuku wakiwa motoni, yeye alikuwa anakunja nguo.

Kaka alitazama matairi ya lori.

"Mama, tuta-organiser. Kwangu kuko travaux kidogo," yaani tutapanga siku nyingine, kwake mafundi bado wako kazini.

Dada alisema maji ya Musonoi si mazuri kwa wazee. Mdogo alipanda lorini na kimashine chake. Mama aliwasikiliza mmoja mmoja, akiitikia kwa kichwa kwa adabu, kisha akanigeukia mimi. Ninaona haya kuliandika jibu langu, maana nilikuwa nalo tayari.

"Mi niko na byumba mbili tu, mama."

"Mutu mumoja analalaka mu byumba ngapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilitia simu mfukoni, nikakipokea kifurushi, na tukaenda kutafuta basi mimi na yeye, taratibu, kwa mwendo wa mguu wake. Kilikuwa chepesi mno. Mlikuwa na vitenge viwili, sweta, na sahani moja ya bati, ambayo, alinieleza njiani, ameichukua ili asije akatupunguzia sahani.